Chupa Iliyozibwa kwa Gunzi

Mama ameingia maabara na buti zake za bustani,
chupa ya bia mkononi, imezibwa kwa gunzi la muhindi.
"Mwape, haya ndiyo maji yanayonywesha kabichi zangu.
Sema nami kama unavyosema na wakubwa wako."

Maji ni maangavu. Hilo ndilo linalonitisha.
Ukiyainua dirishani unaiona Lubumbashi nzima ndani yake:
bomba la moshi, mlima mweusi wa mabaki ya tanuri,
jua la Juni lisilopasha mtu mwili,
vyote vimepinda kidogo, bila doa.

Karatasi ya litimasi inakuwa nyekundu papo hapo.
Nachota chokaa kwa kijiko kile kidogo.
Nakoroga. Hakuna kitu.
Naongeza. Hakuna.
Maji yana tabia ya mdeni:
hupokea, hupokea, hunyamaza.

Kisha punje moja tu,
na ukungu unazaliwa katikati ya kioo,
buluu ya kitenge kilichofuliwa miaka,
unashikana mafumba, unashuka
kama waombolezaji wanaotafuta pa kukaa.

"Shaba," nasema.
"Ilikuwa wapi?"
"Humo humo. Ikiwa majini haina mwenzi,
inatembea peke yake, maji yameizunguka
kama watoto waliomzunguka mgeni.
Mpaka wale wa chokaa wazidi, njia ibanane,
wakutane mara nyingi kuliko wanavyoachana.
Hapo jiwe linaanza."

"Baba yako alisema yana ladha ya sarafu.
Tulimcheka."

Buluu imelala chini. Juu kumetakata.
"Sasa imekwisha?"

"Mama, unaona kumetulia. Hakujatulia.
Pale chini, sasa hivi, punje inatoka jiweni inarudi majini,
na nyingine inatoka majini inalala jiweni,
hesabu sawa kwa sawa.
Ni likelemba yenu ya Jumamosi kule Katuba:
pesa zinazunguka kwa wamama kumi na wawili,
hazilali mahali pamoja usiku mbili,
na hakuna aliyetajirika."

Anacheka. Anaacha kucheka.
"Basi kuna inayobaki."
"Hubaki. Kidogo."
"Ukitia chokaa tena?"
"Hupungua. Haifiki sifuri.
Kila jiwe na mpaka wake na maji,
na mpaka huo haupokei bakshishi."

Bwana Kalumba wa zamu anachungulia mlangoni,
anatazama nusu ya juu ya kopo.
"Safi hiyo. Andika safi."
Naandika namba:
sifuri, nukta, sifuri,
kisha tarakimu ambayo si sifuri.
Anaisoma, anaondoka, funguo zinalia kiunoni.

Mama ana limau mfukoni, la kikohozi.
Namwomba nusu.
Namimina mashapo kidogo kwenye kijibomba cha kioo, nakamua.
Buluu inasita, inakonda, inaondoka.
Maji yanarudi kuwa maangavu
kama shahidi aliyefuta maneno yake.

"Ndivyo yalivyokuwa asubuhi," anasema Mama.
"Ndivyo."
"Nilinawia uso."

Anauliza bei ya mfuko wa chokaa. Namwambia.
Anahesabu kwa vidole, kabichi kwa kabichi,
anafika kidole cha nane, anaikunja ngumi.
Anaziba chupa kwa gunzi lake.

Yuko tayari mlangoni anapogeuka:
"Na ile iliyokuwa ndani ya baba yako,
ingeshuka kwa nini?"

Nina rafu nzima ya chupa nyuma yangu,
zote zina majina, nimeyaandika mwenyewe.

Buti zake zinashuka ngazi, moja, moja.
Naosha kopo mara tatu, kama ilivyo kanuni.
Mara ya tatu naliinua kwenye mwanga:
ukingoni bado kuna duara,
jembamba, la buluu.